Doti Moja, Mtoto Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Wahudumu wa kujitolea wamefika kliniki, wote sita. Wiki ijayo wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto wanaodhoofika, na mchoro mpya wa ukutani ndio utakaowaonyesha pa kuanzia. Mara iliyopita tulichelewa kumfikia mtoto mmoja. Sitaki tena!

Nikaeleza: chini ni umri kwa miezi, pembeni ni kilo, kila doti, yaani nukta ya kalamu, ni mtoto mmoja; aliye chini ya mstari mwekundu ndiye wa kukimbiliwa. Wakaitikia: ndiyo nesi, ndiyo nesi. Nikatoka kupokea simu. Kurudi — mmoja wao, Mama Pacha, ameshika kalamu, ameunganisha doti zote thelathini! Akaniuliza huyu mtoto anaumwa nini, mbona leo kilo kumi, kesho saba? Nikacheka mpaka machozi. Wenzake nao. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Machi
Mama Pacha hakuja. Mdomo wangu huu! Kwenye kadi ya kliniki, aliyoitumia kwa pacha wake miaka yote, doti zote ni za mtoto mmoja, na huwa tunaziunganisha. Amesoma vile vile tulivyomfundisha sisi. Jioni nikamfuata kwake kuomba radhi. Alikuwa anafua. Akasema yamekwisha, ila nisimcheke mtu anayejaribu. Nimekoma.

Jumatano, 6 Machi
Hotuba basi. Karatasi mpya, tupu. Kila mmoja kaja na mtoto au mjukuu, kampima mwenyewe, kaweka doti yake mwenyewe. Nami nikampima kitinda mimba wangu, nikaweka yake haraka haraka, nikageukia wengine. Kelele chumba kizima — huyu wangu, huyu wangu! Hakuna aliyetaka kuunganisha doti yake na ya jirani. Nikauliza nani ana umri mkubwa lakini ni mwepesi. Wakabishana, wakampata, mjukuu wa mmoja wao. Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 8 Machi
Majaribio, kwenye karatasi ile ile ya Jumatano, sasa ina mstari mwekundu. Mama Pacha alisoma wa mwisho. Kidole polepole, kutoka miezi kupanda juu, kisha pembeni kwenye kilo. Huyu sawa. Huyu apimwe tena mwezi ujao. Akafika chini ya mstari mwekundu: miezi kumi na minne, kilo saba na nusu. Kidole kikabaki hapo. Doti yangu.

Najiambia kila siku kwamba mwanangu amechukua umbo la baba yake. Mimi, nesi!

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha akanisogelea, akasema taratibu, "Nesi, tuanzie kwako?"

Naandika haya kwenye benchi la kina mama, nje ya chumba cha daktari. Aibu ninayo, lakini hofu imezidi. Mbele yetu wamebaki wawili. Mama Pacha amempakata mwanangu. Ameniuliza tangu lini anakataa chakula, maana daktari atataka kujua. Nahesabu wiki kurudi nyuma, na bado sijafika mwanzo.