Siri ya Hariri

Jumatatu, 11 Novemba
Mvua ya Göteborg haina huruma. Sindano imeingia tena mkononi mwangu, mkono wa kulia. Gunnel, msimamizi wangu, anatafuta kwa ncha yake uzi mmoja tu wa neva ya kidole cha shahada — tuusikie kwenye spika ukieleza kwa milio kitambaa kinachopita chini ya kidole. Tumetoka kapa. Bila uzi unaotulia tasnifu yangu haiishi. Na Sixten, fundi wetu wa mitambo, ameanza kuniita Bibi Sindano. Fyuu.

Jumatano, 13 Novemba
Tuliupata! Ngoma ya vitambaa, kipipa cha mashine kilichovishwa vipande vya kila aina, ikazunguka chini ya kidole, ikafika kwenye kitambaa cha koduroi — ta-ta-ta, kila tuta na mlio wake. Raha gani. Sixten akasema neva yangu inapiga vizuri kuliko bendi ya harusi ya dada yake. Nikacheka. Sindano ikateleza, uzi ukaenda. Gunnel hakunisemesha mpaka saa ya kahawa. Kwenye kahawa hanuni mtu.

Alhamisi, 14 Novemba
Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa kuku. Kulia kuna sindano na uzi umekaa tangu asubuhi. Gunnel kasema niwe sanamu: nisicheke, nisipige chafya.

Saa tisa, kahawa. Kwetu kazi inaweza kulala, kahawa hailali. Gunnel mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku keki maabara, ila leo hakutaka kuniacha, wala kukosa kahawa. Wakanywea hapa hapa, keki za mdalasini mkononi, wameinamia ngoma.

Kisha hariri. Hariri hunong'ona tu. Leo — shhh, shhh, TA. Kila mzunguko, pale pale. Sixten akabadili waya. TA. Gunnel kashika kichwa: hariri ina siri ambayo hakuna aliyewahi kuisikia! Kakimbilia simu kumwambia rafiki yake wa chuo cha Lund.

Sixten anaikazia macho ngoma. Nimefuata macho yake. Juu ya hariri, punje nyeupe. Sukari ya keki.

Tukiifuta na kurudia, tasnifu imepona. Nikicheka, uzi umekwenda. Sixten ananong'ona: mwache mama wa watu afurahi kidogo. Namsihi anyamaze.

Gunnel karudi, uso unang'aa. Ana sahani. Keki zilizobaki, eti tusherehekee. Anaiinamia ngoma aisikilize siri yake vizuri, anauma keki.

Shhh, TA-TA.

Sixten kageukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Nami kicheko kimeshafika kooni na—