Siku Tuliyolipeleka Gari la Baba

Nyumbani,
S.L.P. 318.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku tu wazima, ingawa kutulia sijatulia. Tangu asubuhi nimeinuka kwenye cherehani mara kumi, na zipu ya sketi ya mteja nimeishona nje ndani. Hapa nilipo kalamu iko mkononi, sikio liko mlangoni.

Usicheke, lakini Jumamosi ndugu yako alinipeleka kutazama magari. Kumbe kuna watu wenye magari ya zamani ambao hukusanyika kwenye uwanja wa kuegesha wa duka kubwa. Wanaingia mmoja mmoja polepole, wanafungua boneti, wanatazamiana injini kama waliokwenda kuona mtoto mchanga. Kazi nyingine hakuna. Yeye alikuwa ameliosha gari la baba siku tatu mfululizo, akavaa shati la harusi ya binti yetu, nami nikakaa mbele kama bibi harusi aliyechelewa miaka arobaini.

Wifi, alitia fora! Unajua kutengeneza pampu miaka yote ile kulivyompa masikio. Aliipa barabara mgongo, akawa anataja kila gari linaloingia kwa mlio tu. "Hilo injini iko nyuma. Hilo linalofuata valvu moja inagonga, mwambieni mwenyewe." Hakukosea hata moja. Watu wakapiga makofi, wakampa jina la Masikio. Nami nikaringa kidogo, sikufichi.

Kisha likaja gari jekundu lililozimika langoni, wanaume watatu wanalisukuma kimya kimya. Ndugu yako alikuwa ameshageuka, analielekea uso kwa uso. Likaja, likaja, naye kasimama palepale katikati ya njia, anatabasamu. "Mzee, pisha!" walipopiga kelele ndipo akaruka. Watu walicheka wakidhani ni ukaidi. Mimi sikucheka. Jekundu, wifi, mchana kweupe!

Kurudi aliendesha yeye, maana mimi usukani siujui, si kama wewe. Nikajikuta nasema: taa nyekundu hiyo, kuna baiskeli kushoto, punguza. Mtu yule asiyekubali kuelekezwa hata chumvi ilipo, alifuata kila neno, wala hakuniuliza kwa nini namwambia. Hapo nikajua kwamba anajua. Tulifika nyumbani tukanywa chai, na mpaka leo hatujalisema.

Ningekupigia simu, lakini kuta zetu unazijua zilivyo nyembamba, na masikio yake ndiyo hayo. Barua hii nitampa dereva wa basi la kesho.

Sasa nikwambie na kosa langu. Jumapili alitaka kutoka, nikapanda naye nikawa macho yake. Jana tena. Lakini jana, kwenye kivuko cha watoto wa shule, nilichelewa kusema. Mwalimu wao alipiga ukelele, breki zikashika, hakuguswa mtu. Watoto walikuwa wameshikana mikono. Tangu hapo funguo nimezificha, na kila nikisikia anapapasa kabatini nainuka kwenye cherehani. Naogopa, wifi. Tena naona haya kumnyang'anya mtu mzima kitu alichoachiwa na baba yake. Jumamosi wanakutana tena, na yeye ameshaanza kulisugua. Nakuomba umwambie wewe. Mimi ananisikia, lakini wewe mkubwa wake anakutii.

Nisalimie shemeji, wale mapacha, na yule jirani yako fundi viatu mwenye maneno mengi. Mwambie kiatu changu bado kinabana.

Nilikuwa nimefika hapo akaingia. Kaketi kwenye kigoda karibu nami. "Unamwandikia dada?" Nikasema ndiyo. Akaniambia niongeze salamu zake, nami naziandika kama alivyozitamka:

"Mwambie dada aje kabla ya Jumamosi. Gari la baba aliendeshe yeye. Mimi nitakaa pembeni, nisikilize."

Mungu akufikishe salama.

Ni mimi wifi yako akupendaye.