Hotipoti ya Sib

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Bader kapiga simu kutoka kazini, Rusayl. Kesho usiku anatutoa, mimi na babake. Chakula cha Kithai, Sib, hapa hapa Maskati, karibu na bahari. Nikamuuliza, hoteli gani? Akacheka. Si hoteli, Mama, ni pahala pa wazi, utapenda. Mtoto ana miaka thelathini na tatu, injinia, na hajui bado kwamba mamake hapendi kula nje kama mbuzi! Wanakula hotipoti, anasema. Hotipoti ninayoijua mimi ni ile ya kutilia chapati zisipoe.

Nasr kasikia, kafurahi. Huyu mume wangu tangu astaafu anafurahia kila kitu. Inachosha.

Ntavaa abaya ya kawaida. Ile yenye nakshi haistahiki viti vya plastiki.

Ijumaa, 7 Novemba

Viti vya plastiki! Nilijua.

Meza zimetupwa juu ya changarawe, taa za rangi zimetundikwa kama skuli siku ya sherehe, paka wengi kuliko wateja. Katikati ya meza jiko la gesi, na juu yake sufuria ya maji. Wenyewe wanaita supu. Mchaichai, mzizi wa khulinjani, basi. Halafu wanaleta sinia – nyama mbichi, kamba wabichi, ngisi mbichi, kabichi, tambi – wanaweka, wanaondoka! Nikangoja. Nikamuuliza Bader, mpishi yuko wapi? "Wapishi ni sisi, Mama." Yaani nimepika maisha yangu yote, nimevishwa abaya na kutolewa nyumbani kwangu, ili nije nipike!

Nasr naye kashika kijiko cha wavu. Anamzamisha kamba, anamtoa, anamchovya kwenye sosi. Kwa ustadi, wallahi. Mtu ambaye nyumbani hajui chumvi inakaa wapi.

Nyama yangu mimi ikazama. Ilipoibuka ilikuwa raba. Mvuke umenijaa usoni, nywele zimenilowa ndani ya shela. Sosi ilikuwa nzuri. Hiyo tu.

Mara akaja mwanamke wa pale, Mthai, mfupi, ushungi kaufunga nyuma ya shingo, aproni imejaa madoa ya pilipili. Akapunguza moto bila ya kuuliza. Akanishika mkono – mkono wangu! – akanionesha namna ya kuzamisha nyama, kama ananifundisha alifu na bee. Mimi, niliyekuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana! Nikamwambia Nasr kwa Kiswahili, angetupikia basi, akaacha kutusomesha. Nasr hakucheka.

Halafu nikaona kitu. Alikuwa anamtilia Bader supu. Kabla ya kumpa bakuli akaanza kutoa kotmiri, jani moja moja, kwa vijiti. Bader hakumwambia neno. Bader hali kotmiri tangu mdogo. Nani kamwambia huyu?

Garini Bader akauliza, "Umemwonaje, Mama?"

"Nani?"

"Rohani. Yule aliyekushika mkono."

Nikatazama dirishani mpaka nyumbani.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempigia dada yangu Masouda, Ruwi. Nilidhani atalia na mimi. Kacheka mpaka kakohoa! Eti afadhali mwanamke anayejua kazi kuliko hawa wasichana wetu wanaotaka harusi ya hotelini na mpambaji kutoka Dubai. Nikamwambia, huyu anawauzia watu maji ya moto. Akanikumbusha mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, wa Sumail, bara ya Oman. Nilipoolewa nilimpikia wali wa nazi. Akasema unanuka mafuta ya nywele, akawapa mbuzi. "Ulikuja kwangu unalia, Khole. Umesahau?"

Sikusahau. Lakini si mamoja. Sisi tulikuwa Waomani, tumezaliwa Unguja tu. Na wali wenyewe ulikuwa mzuri – wale mbuzi walilamba sinia.

Nimekata simu.

Jumanne, 11 Novemba

Bader kaja mchana. Hakukaa. Anataka kumuoa, na anataka iwe kabla ya Ramadhani. Nikamwambia dini. Akasema ni Muislamu, mtu wa Patani, kusini ya Thailand. Kaja Maskati kumsaidia shangazi yake kuendesha ule mkahawa. Nikamwambia Waislamu wako mpaka China, utawaoa wote?

Hapo Nasr – Nasr! – akatia mdomo. "Mtu mzuri, Khole. Nimezungumza naye sana."

Lini? Wapi? Kwa lugha gani?

Ikatoka. Kila Jumatano anaponiambia anakwenda barazani kwa wenzake wa wizarani, anakwenda Sib. Anakaa na mwanawe, wanakula kamba! Nami nyumbani namwekea chakula, akirudi anasema hana njaa, kashiba kahawa na tende. Miaka yote hii mwanamme ananidanganya mara moja, na ananidanganya kwa ajili ya supu.

Bader akasema taratibu, "Sitaoa bila ya radhi yako. Lakini sitaoa mwengine." Akaondoka. Nilikuwa nimempikia mchuzi wa papa. Hata mfuniko hakuufunua.

Jumatano, 12 Novemba

Nasr kashinda nyumbani. Kila saa anautazama mlango. Akome.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika nimo garini, Sib, mbele ya mkahawa. Daftari juu ya usukani. Mwandiko mbaya, nisamehe nafsi yangu.

Nilikuja baada ya Alasiri, peke yangu. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nataka kumwambia kwa Kiarabu chepesi: binti, rudi kwenu, Mungu atakupa mwengine. Nikamkuta anakata kabichi. Hakushtuka. Akanifutia kiti, akawasha jiko, akaweka sufuria. Nikamwambia sikuja kula. Akaleta sinia.

Kisha akakaa mbele yangu, akaanza kuzamisha nyama. Moja kwake, moja kwangu. Kiarabu chake cha jikoni, maneno yote yamepinda, lakini kila kitu nilikifahamu.

"Bader alisema utakuja Jumapili," akasema. "Umechelewa."

Sikutegemea hilo. Nikamuuliza anataka nini kwa mwanangu.

"Yeye ndiye anayenitaka. Kila siku yupo hapa. Hajui kumenya hata kitunguu thomu. Umemlea vibaya."

Umemlea vibaya! Nikaweka kijiko chini. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikamwambia mwanangu kasoma, ana kazi, wasichana wa nyumba kubwa wanamtaka, nikisema ndiyo leo kesho anaoa.

Akanisikiliza huku anatafuna. Halafu akasema nisihangaike, huenda ndoa isiwepo. Babake Rohani kafa. Walii wake wa kumuozesha ni baba yake mdogo, naye hatii mkono mpaka mamake akubali. Na mamake hataki.

Hataki? Hamtaki nani?

Hamtaki Bader. Wanazungumza kwa video, na bibi huyo keshaamua. Bader ni mnene. Bader anapiga miayo watu wazima wakizungumza. Na watu wa Oman wakavu, wana majivuno, mamake Bader hata salamu hajatuma.

Nilichokuja kukitaka nimewekewa juu ya meza. Ningeondoka tu. Ningemwambia Bader, mimi nilikuwa tayari, hao ndio waliokataa. Ningebaki mtu mwema, na mwanangu ningebaki naye.

Lakini mnene! Ana mwili wa babu yake, mwili wa heshima! Na miayo ni kwa kuwa anaamka alfajiri kwenda Rusayl kufanya kazi – nani atamwambia huyo bibi? Nasr? Nasr atakuwa na kamba mdomoni. Huyo ni nani hasa wa kumkataa mtoto wangu? Ana shamba la mpira huko kwao, eti. Mpira!

Nikamuuliza Rohani mamake anapiga saa ngapi. Baada ya Magharibi, kila siku. Akanitazama kidogo, akasema, "Kiarabu hajui. Mimi nitafasiri." Nikamwambia fasiri kila neno, usipunguze.

Kaenda kusali. Nimesali na mimi, msikiti wa hapo nyuma, nikarudi garini. Nimefunga shela upya. Nimepaka wanja.

Taa za rangi zimewaka. Rohani katoka jikoni, kaegemeza simu kwenye chupa ya sosi. Kioo kimewaka. Kuna uso ndani – namwona kutoka hapa, bibi wa miwani, kajitanda, kakunja uso kama mkaguzi wa skuli. Anasogeza kichwa huku na huku, ananitafuta.

Rohani ananiita kwa mkono.

Nashuka. Lakini nianze na salamu au na hiyo miayo?