Sumu Iliyosubiri Miaka Kumi na Moja

Tata, baba yangu mpendwa,

Tumekuzika Jumamosi, na kufikia Jumatatu watu walikwishampata aliyekuua. Nakuandikia mapema, usije ukasikia kwa mwingine. Aliyekuua ni mume wangu. Ndivyo wanavyosema hapa Kamachumu, wamekaa juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni kwako, wanakula ndizi zilizoivishwa kwa kuni alizopasua yeye.

"Ile sumu ya harusini ilikuwa imekaa tu," shangazi alikuwa akimwambia jirani. Sauti aliishusha, lakini dada yako unamjua, akinong'ona anasikika mpaka kwenye kibanja, kule migombani. "Imesubiri miaka kumi na moja."

Nimewahi kusikia sumu ya siku moja na sumu ya wiki. Sumu yenye subira ya miaka kumi na moja ndiyo kwanza naisikia. Ila siwezi kuwalaumu sana, Tata, kwa sababu maneno haya uliyaanzisha wewe.

Unakumbuka safari ya kurudi kutoka harusini kwetu Morogoro? Wakwe walikupa zawadi ya cherehani. Kondakta akataka kuiweka kwenye buti la basi, ukamtazama kama mwizi aliyejileta mwenyewe. Ukaipakata. Ukaipakata mchana kutwa, na giza lilipoingia ukaendelea kuipakata. Wenzako walishuka kuchimba dawa, wewe ukabaki kitini ukiilinda, na ili usishikwe na haja hukugusa maji tangu mlipoondoka. Mama alikuomba unywe hata funda moja. Ukamwambia, "Nikishuka mimi, hii mashine nayo itashuka."

Siku ya pili nyumbani mguu wa kushoto ukavimba. Siku ya nne ukaanguka katikati ya migomba, mkono kifuani, pumzi haiji. Mimi nilikuwa bibi harusi wa wiki moja nilipopigiwa simu kwamba baba yangu amelishwa kitu na wakwe zangu.

Nilikuja mbio. Daktari alitueleza pole pole kwamba damu ilikuwa imeganda mguuni kwa kukaa muda mrefu bila kujinyoosha wala kunywa maji, kisha donge likapanda mpaka mapafuni na kuziba njia. Ulimsikiliza umefumba macho, mpira wa oksijeni puani. Alipomaliza ukafumbua jicho moja.

"Na ile juisi ya ukwaju?"

"Juisi gani, mzee?"

"Ya wakwe."

Ile juisi hata mimi niliinywa, Tata. Nilikunywa glasi tatu.

Nilimfuata daktari ukumbini nikamuuliza utaishi muda gani. Akasema wiki za mwanzo ndizo za hatari. Wakivuka hapo, wengi huishi miaka mingi, ilimradi wanywe dawa na wasiwe na ugonjwa mwingine mkubwa, ingawa wapo ambao pumzi hairudi yote. Nilikuletea habari hiyo nikitabasamu. "Wengi," ukasema. "Mbona hakusema wote? Anaficha nini?"

Ukaishi. Uliishi kwa kushuku kila kitu, na wakati mwingine nadhani kushuku ndiko kulikokuweka macho. Ukipanda kilima kutoka kanisani ulisimama katikati ukijifanya unakagua mibuni ya watu, kumbe unatafuta pumzi. Ulipoambiwa mboga za majani usizidishe wala usipunguze ghafla, ukasema daktari huyo lazima ana ndugu anauza maharage. Halafu jirani akakuambia kwamba vidonge vyako ni ndugu wa sumu ya panya. Siku hiyo ulivimwaga mezani mbele ya nesi wa kliniki kama ushahidi mahakamani. Namshukuru yule mama mpaka leo. Hakukudanganya. "Ni kweli, mzee. Ikizidi inaua panya. Kwa kipimo chake ndiyo inayokuweka hapa unagombana na mimi." Ukavikusanya kimoja kimoja.

Mume wangu Elia alipohamishiwa kazi Bukoba nilifurahi kuliko yeye. Nilijua sasa kila mwezi utakuja mjini kupima damu, utafikia kwangu, utakula kwangu. Nilitaka kitu hicho kimoja tu. Niliamini siku utakayokula kwenye meza ya mume wangu, maneno yote yatakwisha.

Ukaja. Mwezi wa kwanza nilipika senene, nikapika na kuku. Ukakaa mezani, ukafungua kifurushi chako cha jani la mgomba, ukatoa ndizi ulizotoka nazo Kamachumu, za baridi, ukala mbele ya chakula changu. "Tumbo langu limezoea haya," ukasema. Elia akakumiminia maji ya kunawa. Maji ya kunywa ulikuja nayo.

Mwezi baada ya mwezi nilipika, nawe ulikuja na kifurushi. Nililia jikoni mara nyingi, Tata. Sijawahi kukuambia.

Umeondoka kwa figo. Daktari amesema mapafu yako hayana lawama safari hii. Nimewaeleza watu hivyo, wameitikia kwa heshima, kisha wamerudi kwenye juisi ya ukwaju. Na hapa lazima nikiri. Juzi nilipomsikia shangazi nilitoka nje. Elia alikuwa nyuma ya nyumba na shoka. Nikasimama nikiitazama mikono yake. Hata mimi, Tata. Mume wangu wa miaka yote hiyo.

Nilikuwa na sababu. Kila mwezi Elia ndiye aliyekupeleka kupima damu; kipimo hakikuzidi saa moja, nanyi mlikuwa mnaondoka asubuhi na kurudi saa tisa alasiri.

"Wewe na Tata," nikamuuliza, "mlikuwa mnakwenda wapi mkitoka hospitali?"

Akaweka shoka chini.

"Kula," akasema. "Kwa mama mmoja karibu na soko. Sato na ndizi. Mzee alinikataza nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema akila kwako, Kamachumu nzima itajua alikosea."

Sikuamini. Mimi ni mwanao, nashuku hata salamu. Nikamtaka aniambie ulimlaje samaki. Akasema ulianza na kichwa, na miiba ukaipanga ukingoni mwa sahani kwa urefu wake. Hapo nikajua ni wewe; hukuwahi kumla samaki vinginevyo.

Akaniambia pia kwamba mlikuwa mnaagiza sahani moja, naye ndiye aliyekula kwanza huku ukimtazama, kama hapa kwetu mwenye nyumba anavyoonja pombe mbele ya mgeni ili mgeni aone ni salama. Ulimfanyia hivyo miaka yote. Hakuchukia. Alisema mwishoni mlikuwa mnacheka.

"Ila mara ya mwisho," akasema, "aliivuta sahani yeye. Akaonja, akanisogezea. Akaniambia, kula, mwanangu, ni safi."

Akaokota shoka akaendelea na kuni, akinipa mgongo ili nisimwone.

Nimekufichua, Tata. Niliingia ndani nikawasimulia wote waliokuwa juu ya nyasi, kichwa cha samaki, miiba na lile neno mwanangu. Wengine wameinamisha macho. Mama amecheka, halafu amelia. Shangazi hajaamini, na mpaka kufa hataamini. Mimi nimemwamini Elia, na nimemwomba radhi.

Wewe ndiye sijui nikufanye nini. Nimefurahi kwamba ulimpenda. Na nimekukasirikia, tena sana. Kule sokoni mlikuwa mkila na kucheka, nami nilikuwa nyumbani nafunika sufuria chakula kisipoe. Sikutaka ukiri kosa mbele ya Kamachumu. Ungekula tu, Tata. Mara moja. Hata ungesema chumvi imezidi.

Pumzika. Hasira yangu itakwisha, nipe muda kidogo.

Ni mimi, binti yako wa Bukoba.