Tangi la Ndabibi

Jumatatu, 3 Machi
Wanjiru, toka kitandani. Umelalia hiyo kompyuta kama kuku mwenye mayai na ng'ombe analia. Nimemwambia hivyo hivyo. Mjukuu wangu ameandikwa kazi na ushirika wa maziwa. Anapiga maneno mafupi hapa jikoni Molo, na programu inayopoza tangi la hapa na la kule Ndabibi inazima au inawaka. Hata hajafika huko. Kanisani nimejisifu mpaka wamechoka na mimi. Wachoke.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Viazi vinaoza shambani. Maziwa ya Ndabibi yameharibika, tangi zima, yamemwagwa kwa mtaro. Wanasema ni mlinzi, Barasa, alizima mashine ili achaji simu. Barasa! Aliyechimba kaburi la mzee wangu hapa Molo kwa matope, akakataa chai mpaka amalize. Mdomo anao. Lakini kugusa kitu si chake, hapana.

Ijumaa, 7 Machi
Barasa amefutwa kazi. Wamemvua koti la ulinzi mbele ya watu.
Wanjiru hali. Nimempikia mukimo, ameuangalia tu. Nimemuuliza kama ni mimba.
"Afadhali ingekuwa mimba," amenijibu.

Jumamosi, 8 Machi
Jana hakumaliza kusema, alilia. Leo amemaliza. Jumanne aliambiwa azime ile programu ya tangi la Molo, aiwashe tena. Amri ya kuzima ikaenda kwa matangi yote mawili. Ya kuwasha akaituma Molo peke yake. Ni kama kuondoa sufuria mbili motoni na kurudisha moja. Aligundua maziwa yakiwa yameshamwagwa. Akanyamaza.
"Cucu, nikisema watanifuta."
"Barasa wameshamfuta."
Nimemwita mwoga. Akasema ni mimi nilimtangaza kanisa zima, sasa atapita wapi. Nilitaka kumchapa. Nimeenda kukata nyasi na mvua ikininyeshea.

Jumapili, 9 Machi
Sikuenda kanisani. Baridi ya Molo imeingia mpaka kwa mifupa. Tumekunywa chai. Jioni nimemwona akipiga pasi sketi yake nyeusi ya kuendea ofisini. Sikumtuma.
Kesho aanze Ndabibi kwa Barasa, ofisi baadaye. Asipige simu. Mambo ya kufanyia mbali yametosha. Asimame mbele yake, aseme. Ng'ombe nitakamua mimi.