Gari la Kijani Alilolitaka Chiriku

Karakanani,
Jumapili, tarehe 13, mwezi wa tano.

Mpendwa dada yangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta umeamka salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umeanza kukuhurumia. Kama bado, usijifanye chuma. Chuma nakijua mimi, nacho huchoka. Sisi huku tu wazima wa kula na kutembea. Shangazi masikio yamezidi kuwa mazito, ingawa umbea bado haumpiti. Binti yangu mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki tena kucheka mbele ya wageni.

Barua yako niliipata wiki tano zilizopita. Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Uliniambia umesikia Bibi Mpima anahama na anauza lile gari la kijani, ukaniomba nilinunue, nilifufue, liwe kumbukumbu ya mdogo wetu. Ukasema hukuwahi kuja kumzika, basi angalau hili tulifanye pamoja. Sikutaka kukujibu kabla sijalijua jibu mwenyewe.

Unalikumbuka, najua. Bibi Mpima alipokuwa bado anapima ardhi za watu, alikuwa akipita nalo mbele ya nyumba yetu, paa limefunuliwa, kitambaa kichwani, na sisi watatu tumening'inia ukutani kama nguo zilizoanikwa. Gari la viti viwili tu, fupi, pua ndefu, linanguruma kama lina ugomvi na mtu. Mdogo wetu Chiriku alisema siku moja litakuwa lake. Aliendelea kusema hivyo mpaka ana mke na mvi. Hakuwa na jambo moyoni ambalo halikufika mdomoni, ndiyo maana ukampa jina hilo, na mimi ukaniita Kobe.

Nilikwenda kuliona Jumamosi iliyofuata. Nilivaa nguo za kazi, nikachukua jeki, tochi na nyundo ndogo, nikaapa kulikagua kama ningekagua gari la mtu baki. Huzuni haioni kutu, dada. Anayenunua gari kwa machozi atalisukuma kwa machozi.

Nyumba ya Bibi Mpima imejaa masanduku, na ramani zake zimeviringishwa na kusimamishwa pembeni kama mifagio. Anahamia kwa binti yake, ghorofa ya tatu, mahali ambapo hata baiskeli haina pa kulala. Anatembelea fimbo tangu alipopasuliwa nyonga, lakini ulimi wake haujapata kilema chochote. Alinitazama mlangoni, akasema nimechelewa miaka kumi na tisa, maana ndiyo miaka ambayo gari limekaa bandani.

Tulivuta turubai. Nisikufiche, linasikitisha. Matairi yamekaa chini yote manne. Panya wamezalia ndani ya kiti cha abiria. Rangi ya kijani imepauka, na paa la turubai limebaki nyuzi. Nikafungua boneti nikitegemea injini iwe imekamata kwa kutu. Nikashika feni, nikavuta kidogo. Ikazunguka, laini, kama jana tu ilikuwa barabarani.

Nikamuuliza Bibi Mpima ni nani aliyekuwa akiigusa. Akadhani namtania. Akasema ni mdogo wangu. Kila Alhamisi ya pili, miaka saba, alikuwa akija kutia mafuta, kuizungusha injini kwa mkono, kunywa chai na kupiga soga mpaka mama wa watu akachoka kusikiliza. Dada, Alhamisi hizo mimi nazijua. Alikuwa akiniaga hapa karakanani kwamba anakwenda kutafuta spea. Nilidhani ana mwanamke. Nilimnunia miaka saba kwa sababu ya gari.

Hapo moyo wangu ulikuwa umeshasema nitalinunua. Nikapiga jeki, nikalala chini, nikawasha tochi ili nimalizie tu.

Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa imeoza, na Chiriku alishaanza kuikarabati. Aliikata ile mbovu, akaweka bati jipya, akaanza kulichomelea. Mshono wake ningeuona popote ningeujua. Wewe hukupata kuuona, basi nikueleze: mkono wake ulikuwa ukipanga chuma kama magamba ya samaki, moja juu ya jingine, sawasawa, bila haraka. Mimi nimemzidi miaka minne na kazi nilimfundisha mimi, lakini mshono kama ule sijawahi kuupata. Ulianzia mlangoni hivyo hivyo, mzuri. Nikaufuata kwa kidole.

Ulipofika katikati ulianza kuyumba. Magamba yakapanuka, yakatoka nje ya mstari, yakarudi. Mahali pengine moto ulitoboa bati. Alisaga pale, akarudia. Akasaga tena, akarudia tena. Nilihesabu mara tatu mahali pamoja. Alichora mistari ya chaki kujiongoza, minene kama ya mtoto wa shule, miwili miwili, kama mtu asiyejua ni upi wa kweli. Kisha mshono ukakoma. Imebaki nafasi ya kiganja ambayo haikufungwa.

Nilikaa chini ya gari mpaka Bibi Mpima akagonga bodi kwa fimbo kuuliza kama nimekufa. Nikamuuliza sakafu ile ilitengenezwa lini. Alikumbuka vizuri, kwa kuwa ni wiki aliyotoka hospitali na nyonga yake, na Chiriku ndiye aliyembebea mkoba. Nikapiga hesabu. Ilikuwa mwaka mzima na zaidi kabla ya sisi kuambiwa kwamba ana uvimbe kichwani.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijakuandikia kamwe, wala sijamsimulia mtu. Mwaka ule, mlango wa pikapu ya mteja ulirudi karakanani umeachia mshono. Kazi ilikuwa ya Chiriku. Haikuwa ya kwanza kuharibika. Nilimsema mbele ya wateja, nikamwambia amekuwa mzembe, mawazo yake yako Alhamisi. Nikachukua kile kinyago cha kuchomelea kutoka mkononi mwake nikamwambia kuanzia siku hiyo yeye ashike msasa. Alicheka. Alisema, "Msasa nao una riziki yake, kaka." Akakaa kusugua milango mpaka siku ugonjwa ulipomwangusha. Hakuniuliza tena habari ya moto, nami nilijiona nimemnyoosha.

Kutoka kwa Bibi Mpima nilipita kwa wifi yako, mjane wa Chiriku. Nilimkuta kwenye cherehani, sare za shule zimemjaa mpaka mapajani. Nilimweleza nilichokiona. Hakushtuka. Alimaliza kushona kola, akakata uzi kwa meno.

"Nilijua," akasema. "Alikuwa anaona vitu viwili viwili, na mkono unamkimbia. Aliniapisha nisikwambie."

Nikamuuliza kwa nini.

"Alisema kaka akijua atamnyang'anya moto."

Akavuta sare nyingine. Baadaye ndipo aliponiambia, kwa upole, kwamba kuhusu gari nifanye ninavyoona, ila nisilipeleke kwake. Ana nguo za marehemu kabatini hajazigusa, ana viatu vyake mlangoni. Kuongeza gari uani hawezi.

Wiki mbili nililala na kuamka na jambo hilo. Mke wangu alisema ninunue kama litanipa usingizi. Lakini kila nikilitengeneza kichwani nafika pale pale kwenye sakafu. Bati lile halifai, dada. Mtu akikanyaga breki kwa nguvu, litaachia. Nikilinunua ili litembee, lazima nikate mshono wake wote, mzuri na mbaya, niutupe kwenye pipa la vyuma. Nisipoukata, nitakuwa na gari bovu bandani, nikienda kulitazama chini kwa tochi kila nikijisikia vibaya. Hilo la pili ndilo nililolitaka, na ndilo lililoniogopesha.

Basi nilirudi. Bibi Mpima aliniuliza, "Unalichukua au hulichukui?" Nikamwambia silichukui. Hakunilaumu. Alisema kulikuwa na fundi umeme mmoja na mkewe, watu wapole, wamelijia mara mbili na futi ya kupimia, wakaogopa kutu. Nikamwambia awaite, nitawaonyesha mimi wasichoweza kukiona.

Walikuja Jumamosi ya tarehe 5. Niliwaambia injini ni nzima kuliko walivyofikiri, na nikawaeleza kwa nini. Kisha nikapiga jeki, yule fundi umeme akalala chini pembeni yangu. Nikamwonyesha sakafu. Nikamwambia ikatwe yote, kutoka mlangoni hadi kwenye gia, asimruhusu mtu yeyote kuipaka rangi tu na kuifunika. Nilimwandikia na kwenye karatasi.

Akaugusa mshono kwa kidole, akauliza ni nani aliyefanya kazi ile. Nikasema ni ndugu yangu.

"Alikuwa anajifunza?"

Hakuuliza kwa ubaya. Macho ya fundi yeyote yangeuliza hivyo. "Hapana," nikamjibu. "Alikuwa fundi kunishinda mimi. Alikuwa mgonjwa."

Dada, miezi minane imepita tangu tumzike, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimelitamka neno hilo na kulisikia. Tuliendelea kulala pale chini, wanaume wawili wazima, tukitazama bati.

Walilivuta juzi kwa kamba, mke wa fundi umeme kwenye usukani. Bibi Mpima alisimama na fimbo yake akielekeza, kushoto, kulia, kama bado anapima kiwanja. Lilipopinda kona alisema macho yana vumbi. Nikambebea masanduku mpaka saa ya chakula.

Najua nimekunyima ulichokiomba. Ukiwa na hasira, uwe nayo, nitaipokea barua yako hata ikiwa na miiba. Wifi yako wa cherehani anasema anakusalimu na anaomba picha ya watoto. Shangazi anasalimu kwa kelele, maana anadhani nawe husikii. Mke wangu na binti zangu wanakukumbuka, na yule asiye na meno ameomba nikuandikie kwamba yanaota. Msalimie sana shemeji, umwambie nimepokea zile kofia alizotutumia.

Nina ombi moja. Yeye alikuwa akikuandikia kuliko mimi, na barua zake zilikuwa ndefu. Tazama zile za mwaka ule. Kama alikuambia kuhusu macho yake, au mkono, au kuhusu siku niliyomnyang'anya moto, niandikie maneno yake kama yalivyo, usiyapunguze makali. Na kama hata wewe hakukuambia, niandikie hivyo pia.

Mola akulinde huko uliko na atupe kuonana tungali na macho ya kuonana.

Mdogo wako akupendaye, aliyebaki,

Kobe