Mkono Uliokuwa Ukimngoja Mlangoni

Mwaka umezunguka, Baba Mlango, tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga kamba za viatu usiinuke tena. Mkeo alikuwa jikoni anakuita, chai inapoa, na mara ya mwisho alikuita kwa ukali. Daktari alisema ni moyo. Mwenyezi Mungu akupe pumziko. Sisi tulio nyuma bado hatujazoea.

Wasiokujua watauliza jina hili lilitoka wapi. Popote ulipoingia, hata kabla ya salamu, macho yako yalitafuta pa kutokea. Harusini ulikaa karibu na mlango. Kwenye ibada ulichukua kiti cha nyuma kabisa, hadi siku moja mkeo akakunong'onezea, "Baba watoto, hata mbele za Mungu unatafuta pa kukimbilia?" Ukamjibu, "Mungu yuko kila mahali, mama. Mlango uko huo mmoja." Akajiziba mdomo kwa kitambaa asicheke katikati ya sala. Ndugu zako walipolisikia hilo wakakupachika jina la Mlango, nawe ukalipokea.

Lakini haukuwa mzaha. Ujanani ulikuwa mjaza mitungi ya kuzimia moto, ukiisukuma kwa mkokoteni kutoka karakana hadi karakana. Ndipo ukumbi mmoja wa mafundi cherehani ukaungua. Ulipokwenda kuangalia, uliikuta mitungi uliyoijaza kwa mikono yako ingali ukutani, imejaa vilevile, hakuna aliyeigusa. Watu walikutwa wamelundikana nyuma ya mlango uliofungukia ndani. Siku hiyo hukula. Mkeo, ambaye alikuwa bado bibi harusi mgeni nyumbani, alikusikia ukisema, "Nimewauzia mitungi. Walichohitaji ni mlango."

Ukarudi darasani na ndevu zako. Ulisoma uhandisi jioni ukitoka kazini, ukapata stashahada, baadaye shahada, kisha ukafanya kazi miaka chini ya mhandisi mwingine, ndipo Bodi ya usajili wa wahandisi ikakubali hata kukusikiliza. Usaili wa kwanza walikurudisha. "Wameniuliza moshi utapita wapi, nikawaeleza moto utapita wapi," ulisema, ukajicheka, lakini mkeo aliiona mikono yako inatetemeka. Safari ya pili wakakupitisha. Nyumba ilijaa watu wa kukupongeza. "Sasa umekuwa injinia kamili, tulia ule matunda!" kaka yako alisema. Wewe uliuweka mezani mhuri wako wa kuidhinishia majengo, ukautazama kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga wa jirani.

Na kweli hukutulia. Jengo likishabeba jina lako, kila king'ora cha zimamoto kilichopita barabarani kilikuwa chako. Ulisimama dirishani, mkeo nyuma yako anasali kimoyomoyo, hadi sauti ipotelee mbali.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kabla ya kugonga mhuri kwa jengo lolote, ulimchukua mkeo, ukampandisha ghorofani, ukamfunga kitambaa machoni. "Wewe hujui ramani," ulimwambia, "ndiyo maana nakuamini. Shika ukuta, utoke." Halafu ulishuka ukasimama nje ya mlango wa dharura, kimya. Hukuwahi kumwita, maana ndani ya moshi, ulisema, mtu asitegemee kuitwa. Vibarua walifurahi sana. "Injinia, leo tena umemleta mama mcheze kujificha?" Hawakujua alivyokuwa akiogopa. Giza lile lilinuka saruji na rangi mbichi, na ngazi zilikuwa kama hazina mwisho. Alishika ukuta kwa mkono, na sala kwa ulimi. Kisha hewa ilibadilika usoni mwake, na mkono wako ukamshika. "Umefika, mke wangu." Na alipopotea, mhuri haukugongwa. Ukuta ndio uliovunjwa.

Mwaka huu zamu ilimfikia binti yako mkubwa, yule uliyemwita Bosi tangu anatambaa. Alifuata njia yako bila kumuuliza mtu, ingawa mkeo alitamani afundishe, ashone, auze chochote kisichoungua. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa wodi ya wazazi, ya ghorofa, na hiyohiyo ndiyo aliyotakiwa kuieleza mbele ya Bodi ili naye asajiliwe. Alikuja nyumbani na kitambaa mkononi.

"Mama, kesho nisindikize."

"Kazi hiyo nilistaafu pamoja na baba yako."

"Watatokea pale kina mama na vichanga vyao, mama."

"Na mlangoni atasimama nani?"

"Mimi."

"Wewe si yeye."

"Najua," Bosi akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Mkeo alikwenda. Alishika ukuta kama ulivyomfundisha. Kona, dirisha, kona nyingine. Mkono ukakuta mlango, akausukuma, ukakubali upesi kama inavyokubali milango ya kutokea, akaingia. Hewa haikubadilika. Mbele ukuta. Kulia rafu. Kushoto ndoo ikaanguka kwa kishindo. Akageuka, mlango umeshajifunga, na kwa ndani haukuwa na kitasa. Baba Mlango, hapo mkeo alikuita. Hakuanza na Mungu, alianza na wewe. Kitambaa kilikuwa machoni pake tu, angekivua, lakini hata hilo halikumjia.

Bosi ndiye aliyemfungulia. Alimkuta ndani ya stoo ya usafi, amekumbatia fagio. Wakakaa wote wawili sakafuni.

"Ingekuwa mama mwenye kichanga," Bosi alisema, basi.

Mkandarasi alifika akipangusa mikono. "Binti, stoo itawekwa kibao. Watu wanasoma."

"Ndani ya moshi anasoma nani, mzee wangu?"

"Usaili wako wiki ijayo. Utakwenda kuwaambia Bodi kwamba mama yako alikwama kwenye mafagio?"

Mhandisi mkuu wake, ambaye ndiye wa kumthibitisha mbele ya Bodi, naye alifika, mhuri tayari mfukoni. Alisema michoro yote imepita. Mkeo aliona midomo ya binti yako imekauka, akadhani atanyamaza. Hakunyamaza. "Michoro imepita, mkuu, lakini mama yangu hakupita." Yule bwana alimtazama mkeo, vumbi bado liko kwenye nywele zake, akautoa mkono mfukoni mtupu. Mlango wa stoo ukahamishwa upande wa pili, na wodi haikufunguliwa siku iliyotangazwa.

Siku ya usaili mkeo alingoja nje ya ofisi za Bodi, kwenye benchi, asijue aombe nini. Akimwombea apite, anamwombea mwanawe maisha ya kusikiliza ving'ora. Akimwombea asipite, ni nani atakayewasimamia wale wenye vichanga? Mwishowe akasema tu, "Mungu wangu, wewe unaona." Bosi alitoka amelowa jasho.

"Wameniuliza ni kitu gani kwenye kazi yangu kinanitia hofu. Nikawaambia, mama yangu alipotea ndani ya jengo langu."

"Uuuh! Wakasemaje?"

"Wakaandika. Kisha wakanipitisha."

Juzi walirudi kwenye wodi ile. Bado haina wagonjwa, vitanda vimefunikwa nailoni. Mkeo alifungwa macho, akashika ukuta, akateremka. Hofu ilikuwa ileile, haijazeeka hata kidogo. Hewa ilipobadilika usoni mwake alisimama, kwa kuwa alijua mkono utakaokuja hautakuwa wako, akashindwa kuunyanyua wake. Ndipo akashikwa. Mkono wenyewe ulikuwa wa baridi, unatetemeka, kama wako ile siku Bodi walipokurudisha.

Akajua binti yako ataiweza kazi hii.

King'ora kikipita sasa, Bosi ndiye anayesimama dirishani, na mkeo nyuma yake, palepale pake.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako Bosi, mhandisi aliyesajiliwa. Mdogo wake, fundi umeme. Mama yako mzazi, ambaye bado anauliza kama umekula. Kaka yako na dada zako. Mashemeji, wajukuu, na vibarua wote uliowasumbua kwa milango yao.

Lala salama, Baba Mlango. Popote tutakapoingia, tutakukumbuka kabla hatujaketi.